Pale Lami Ilipokuwa Ikiishia

Kwa miaka mingi lami ilikuwa ikiishia Isiolo. Lori likiteremka kutoka Meru na shehena ya unga, sukari au miraa, lilipita mbele ya msikiti na maduka, likaelekea kaskazini mwa mji, na kabla halijaonja vumbi likasimama kwenye kizuizi cha polisi. Utingo aliruka chini na karatasi mkononi. Dereva alizima injini, kwa kuwa alijua hapo hapamalizwi kwa dakika mbili. Magari yalingojeana mpaka yakatosha kuitwa msafara, kisha askari wawili watatu wakakwea juu ya mzigo, bunduki mapajani, na safari ya Marsabit na Moyale ikaanza kwa mwendo wa gari lililo bovu kuliko yote. Aliyekuwa akija upande wa pili, kutoka Moyale kuelekea Nairobi, akiulizwa aendako alijibu kwamba anakwenda Kenya.

Hakuwa akifanya mzaha. Isiolo iko karibu katikati kabisa ya ramani ya Kenya, lakini kwa mtu wa kaskazini Kenya ilianzia hapo kwenye kizuizi, na ilianza kwa kuulizwa maswali na mtu mwenye bunduki.

Mtu huyo alikuwa nani hasa? Kiswahili hakisaidii sana. Tunalo neno moja, askari, nalo linamtosha polisi wa trafiki, mwanajeshi wa kifaru, mlinzi wa jela, hata yule wa baraza la mji anayewafukuza wauza nyanya. Tukitaka kuwatenga inabidi tuongeze neno la pili: askari polisi, askari jeshi, askari jela, askari kanzu. Kwingineko Kenya neno hilo la pili lina uzito wake, kwa kuwa polisi na jeshi ni watu wawili wenye kazi mbili. Polisi hukamata mtu ili afikishwe mbele ya hakimu, mwanajeshi hupigana na adui. Isiolo ni mji ambako kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini neno la pili halikuwa na kazi, na sheria yenyewe ndiyo iliyolinyima kazi.

Mwaka 1902, kabla Isiolo haijawa mji, serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya wilaya za mbali, iliyompa gavana uwezo wa kuifunga wilaya yoyote. Wilaya iliyofungwa haikuingiwa wala kutokwa bila pasi. Mwaka 1909 utawala wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, NFD kama wanavyoiita wakubwa kwa wadogo hadi leo, ulianza kujengwa, na ng'ambo ya Isiolo, mahali njia inapovuka mto Ewaso Nyiro, kikawekwa kituo kilichobaki na jina la afisa Geoffrey Archer: Archer's Post. Walioishika nchi hiyo walikuwa Keya, yaani King's African Rifles. Waingereza hawakuwa na haja kubwa na kaskazini. Walitaka ukuta kati ya Wahabeshi na mashamba ya walowezi, na ukuta wa bei nafuu ni askari wachache, ngamia wachache na sheria kali. Kutoka 1921 hadi 1925 hawakujisumbua hata kuuficha ukweli huo: NFD iliwekwa moja kwa moja chini ya jeshi. Utawala wa kiraia uliporudi, eneo lilifungwa rasmi mwaka 1926. Karibu nusu ya Kenya ikawa nyuma ya kufuli.

Funguo zikaletwa Isiolo. Makao ya utawala wa kaskazini yalihamishiwa hapo, chini ya vilima, penye maji, mahali ambapo mwinuko wa Meru unakoma na joto linaanza. Wakazi wa kwanza wa mji wenyewe walikuwa, kwa kiasi kikubwa, watu wa bunduki waliostaafu: Wasomali wa Isaaq na Harti, wengi wao waliowatumikia Waingereza vitani, waliopewa mahali pa kukaa na kuchunga baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Miaka ya 1930 Waborana waliokuwa wakisukumwa kutoka visima vya Wajir wakahamishiwa bonde la Ewaso Nyiro, na tangu hapo wanaitwa Waborana wa Waso. Wasamburu na Waturkana walikuwa jirani, Wameru wakapanda na kushuka na mazao. Mji ukajaa lugha, na juu ya lugha zote hizo ikakaa bendera ya ofisi ya DC, yaani mkuu wa wilaya.

DC huyo hakuwa na polisi kama wa Nairobi. Alikuwa na dubas, polisi wa kikabila wa NFD, vijana waliochaguliwa miongoni mwa wafugaji, waliovaa nguo nyeupe na kilemba chekundu. Jina lenyewe ni la Kisomali, na maana yake ni hicho kilemba. Tukisema askari kanzu leo tunamkusudia mpelelezi asiyetaka kujulikana. Hawa walivaa vazi jeupe lenye kilemba cha kuonekana toka maili mbili, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao, kuonekana. Dubas alijua kisima kipi ni cha ukoo upi, nani ana deni la damu na nani, ngamia gani ana alama ya nani. Kwa ujuzi alikuwa polisi bora kuliko wote waliomfuata. Lakini sheria aliyotumwa kuisimamia haikuwa ya polisi.

Sheria ya wizi wa mifugo ya 1933 na ile ya wilaya maalumu ya 1934 ziliweka jambo moja kwenye maandishi: kosa si la mtu, ni la kabila. Mkuu wa mkoa aliweza kulitangaza kabila zima kuwa lenye uhasama. Baada ya hapo watu wake walikamatika popote, na mifugo yao ilitwaliwa hata kama mwenye ng'ombe hajui habari ya wizi uliofanywa siku tatu za mwendo kutoka kwake. Tafakari maana ya hilo kwa kazi ya askari. Hahitaji ushahidi, maana hamtafuti mwizi. Hahitaji mahakama, maana hakuna mshtakiwa. Anachohitaji ni kuzingira boma na kuhesabu mifugo. Huo ni utaratibu wa vita, na hata akipewa filimbi na kitabu cha kuandikia, bado ni askari jeshi. Sheria hizi hazikufutwa bendera ya Uingereza iliposhuka. Zile za wilaya za mbali na wilaya maalumu ziliondolewa mwaka 1997, katika marekebisho yaliyopitishwa kabla ya uchaguzi mkuu wa mwaka huo. Kwa hiyo kanuni iliyoandikwa 1902 ilikaa vitabuni miaka 95.

Vita vya Pili vikaupa mji kazi nyingine. Mwaka 1940 na 1941 majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yalipita hapa yakielekea Marsabit na Moyale kupambana na Waitalia, na Isiolo ikawa ghala, karakana na kituo cha mafuta. Vita vikaisha, majeshi yakaondoka, barabara yao ikabaki. Kizuizi nacho kikabaki.

Uhuru ulipokaribia, swali la kaskazini lilikuwa moja: watu hawa watakuwa Kenya au Somalia? Chama cha NPPPP, kilichoundwa 1960, kilitaka kwenda na Somalia. Mwisho wa 1962 tume ya watu wawili, Mnaijeria na jenerali wa Kanada, ilizunguka NFD ikiwasikiliza wenyeji, ikaripoti kwamba walio wengi wanataka kujitenga. London ikasoma ripoti, na Machi 1963 ikatangaza mkoa wa saba wa Kenya badala yake. Garissa, Wajir na Mandera zikawa Kaskazini Mashariki. Isiolo na Marsabit zikaingizwa Mkoa wa Mashariki. Somalia ikavunja uhusiano na Uingereza. Isiolo ikabaki mji wa mpakani usio na mpaka: nyumba moja kaka anataka Mogadishu, mdogo wake anataka Nairobi, na baba hataki chochote isipokuwa malisho.

Hapo ndipo anaingia Daudi Dabasso Wabera. Alikuwa mwana wa kaskazini, mmoja wa Waafrika wa kwanza kukalia kiti cha DC nchini, na kiti chenyewe kilikuwa cha Isiolo. Kwa watu waliozoea kwamba DC ni Mzungu mwenye soksi ndefu, kumwona mtu anayeongea lugha yao akishuka kwenye Land Rover ya serikali lilikuwa tukio kubwa. Wabera aliamini kwamba mustakabali wa watu wake uko Kenya, na njia aliyoichagua ilikuwa ya kuzunguka na kuzungumza, baraza baada ya baraza. Pamoja naye alikuwa Haji Galma Dida, chifu mkuu wa Waborana, mzee ambaye neno lake lilisikika mbali kuliko redio.

Madaraka ya ndani yalikuja 1 Juni 1963. Tarehe 28 Juni Wabera na Haji Galma walikuwa safarini upande wa Modogashe, kwenye nchi ile tambarare ya vichaka vya miiba ambako gari huonekana kwa vumbi lake muda mrefu kabla ya kusikika. Waliviziwa na kupigwa risasi, wote wawili wakafa. Serikali ya Jomo Kenyatta ilikuwa haijatimiza mwezi.

Nimeyatafakari mauaji hayo mara nyingi, na naona yaliua zaidi ya watu wawili. Wabera na Galma walikuwa jaribio la kuleta utulivu kwa mazungumzo, kwa mtu wa nyumbani mwenye cheo cha serikali na mzee mwenye heshima ya ukoo, wote wawili wakikaa chini kwenye jamvi. Walipozikwa, hoja ya jamvi ilizikwa nao. Kuanzia siku hiyo, ofisi za Nairobi ziliposikia jina Isiolo zilisikia mlio wa bunduki. Leo wadi moja ya mji inaitwa Wabera, na Nairobi ina barabara fupi yenye jina hilo, ambayo maelfu huikanyaga kila mchana bila kujua alikuwa nani.

Uhuru wenyewe ulikuja 12 Desemba. Wiki mbili baadaye hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki, na vita vya Shifta vikaanza kwa jina lake rasmi. Shifta ni neno la Kihabeshi la jambazi, nalo serikali iliwapa wapiganaji waliotaka kwenda na Somalia. Kuitumia lugha hiyo kulikuwa na faida kwa serikali, maana jambazi ni mhalifu, na mhalifu ni kazi ya polisi. Waliopelekwa, hata hivyo, walikuwa jeshi: Keya wa jana, sasa Kenya Rifles, pamoja na polisi na GSU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia kilichoanza 1948 na kupata jina hilo 1953 katika vita dhidi ya Mau Mau. Jeshi lenyewe lilikuwa bado linatambaa. Januari 1964, mwezi mmoja tu tangu hali ya hatari itangazwe, askari wa kikosi cha 11 waliasi huko Lanet, Nakuru, na wakatulizwa na wanajeshi wa Uingereza. Jeshi lililohitaji kutulizwa ndilo lililotumwa kuituliza kaskazini.

Mwaka 1966 mambo yalipata sura mbili mpya. Kwanza, shifta walianza kutega mabomu ya ardhini barabarani, na lori la serikali likawa halina uhakika wa kufika. Pili, serikali ikatoa kanuni za Kaskazini Mashariki na wilaya zinazopakana nayo: Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Mtu aliweza kushikiliwa siku nyingi bila kumwona hakimu. Nyumba iliweza kupekuliwa bila hati. Na kulikuwa na kifungu kimoja chenye maneno makavu sana: taratibu za kisheria za uchunguzi wa kifo hazitatumika pale mtu anapouawa na vikosi vya usalama katika maeneo hayo.

Kifungu hicho ndicho kiini cha historia hii yote. Polisi wa kweli akimuua mtu, hata jambazi, ana swali la kujibu: alikufaje, nani alifyatua, kwa nini. Ndilo linalomfanya awe polisi. Lifute swali hilo, na hakuna tena tofauti kati yake na mwanajeshi aliye mstari wa mbele, wala kati ya mchungaji na adui. Kilomita chache kusini mwa kizuizi, Mmeru akipigwa risasi na polisi sheria ilidai uchunguzi. Kilomita chache kaskazini, haikudai.

Kisha watu wakakusanywa. Garba Tulla, Merti, Modogashe: Waborana wa Waso waliamriwa waingie na mifugo yao kwenye kambi zenye ulinzi, na aliyeonekana nje ya eneo lililoruhusiwa alihesabiwa kuwa shifta. Waingereza walikuwa wamefanya hivyo Kikuyuni muongo mmoja tu nyuma, na waliokuwa wamefungiwa wakati ule ndio sasa waliokuwa na serikali. Waborana wanazo kumbukumbu za miaka kwa majina, na mwaka huo wameuita Gaf Daba, wakati wa kusimamishwa.

Asiyefuga huenda asielewe uzito wa neno kusimamishwa. Ngamia hali mahali pamoja. Hung'ata majani ya mti huu mara mbili tatu, akasogea, akang'ata ule, na kwa siku moja huzunguka eneo ambalo mkulima angeliita kata. Mvua ikinyesha upande wa Merti anafuatwa huko, jua likichoma anarudishwa mtoni. Ukimfungia pamoja na maelfu ya wenzake ndani ya umbali wa kutembea kutoka kituo cha polisi, siku ya kwanza wanamaliza majani, ya kumi wanamaliza magome, na baada ya hapo kupe na njaa vinamaliza kazi. Waliotoroshwa usiku kutafuta malisho walipigwa risasi au kutwaliwa. Vita viliisha kwa makubaliano ya Arusha ya 28 Oktoba 1967, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi kati ya Kenyatta na Waziri Mkuu wa Somalia, Mohamed Ibrahim Egal. Waborana walipotoka kambini, wengi wao hawakuwa na cha kuchunga. Watu waliokuwa matajiri wa ngamia wakafundishwa kulima kwa mifereji pale Malka Dakaa na Merti, na wengine wakaja kuujaza mji wa Isiolo, wakiuza kuni, maziwa na nguvu zao.

Mwaka 1970 Bunge likapitisha Sheria ya Kinga. Kitendo chochote kilichofanywa na maafisa wa usalama katika maeneo hayo, kuanzia 25 Desemba 1963 hadi 1 Desemba 1967, kwa nia njema ya kulinda usalama, hakingeshtakiwa wala kudaiwa fidia. Zile kanuni za 1966 zenyewe hazikuondoka na vita. Ziliendelea kutawala mpaka Novemba 1991. Mtoto aliyezaliwa Garba Tulla mwaka wa kambi alifikisha miaka 25, akaoa, akazaa, chini ya sheria za hali ya hatari.

Isiolo ilipata nini? Ilipata makambi zaidi. Chuo cha jeshi cha askari wa miguu, kile cha wahandisi wa medani, kikosi cha 78 cha vifaru: kwa ukubwa wake, mji huu huenda una sare nyingi kuliko mji wowote nchini. Ng'ambo ya mto, uwanja wa Archer's Post ukatumiwa na jeshi la Uingereza kwa mazoezi, na mabomu yasiyolipuka yakaachwa malishoni yakiwangoja watoto wachungaji. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kuwalipa wafugaji zaidi ya mia mbili wa Archer's Post na Dol Dol pauni milioni 4.5. Migogoro ya ardhi kati ya raia na jeshi haijaisha hadi leo. Lakini mwenye duka mjini atakwambia upande wa pili pia: mshahara wa kambi ndio unaolipa kodi ya nyumba, ndio unaonunua nyama. Watu wa Isiolo wanawajua wanajeshi kama wateja na majirani, na wakati mwingine kama wakwe.

Jambo la ajabu ni kwamba pamoja na sare zote hizo, mfugaji alibaki hana wa kumlinda. Utawala wa Mengistu ulianguka Ethiopia na ule wa Siad Barre Somalia mwaka uleule, 1991, na bunduki zikamiminika. Isiolo ikawa njia panda yake. Badala ya kupeleka polisi wa kutosha, serikali iligawa bunduki kwa wafugaji wenyewe na kuwaita polisi wa akiba. Wa akiba ni kijana anayechunga asubuhi, mwenye Mark 4 au G3 ya serikali, risasi za kuhesabiwa na, kwa miaka mingi, mshahara sifuri. Anajua nyayo za mwizi kama dubas alivyozijua. Tofauti ni kwamba dubas alimtumikia DC, na huyu, kijiji chake kikigombana na kijiji cha pili juu ya kisima, anaitumia bunduki ya serikali kumtumikia baba yake. Waturkana, Waborana, Wasomali na Wasamburu walipopigana kuuzunguka mji kati ya 2009 na 2012, bunduki za serikali hazikukosekana upande wowote. Juu ya hao wakaongezeka walinzi wa hifadhi za jamii za wanyamapori, nao wenye silaha. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za Merti zilianzishwa kinyume cha sheria.

Kabla ya hayo yote upande wa mashariki ulikuwa umeonyesha ule utaratibu wa 1934 unaweza kufika wapi. Februari 1984, huko Wajir, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla katika operesheni ya pamoja ya jeshi, polisi na utawala, wakazuiliwa juani siku kadhaa, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyowasikiliza wazee na wajane wa kaskazini mwaka 2011, Isiolo ikiwamo, na kukabidhi ripoti yake Mei 2013, haikuikubali hesabu hiyo. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa dhuluma za serikali zilizopita na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10.

Hata kabla ya radhi hiyo, Wakenya walipoandika Katiba ya 2010, watu wa kaskazini walikuwa na sababu ya kuisoma ibara ya 241 polepole. Ibara hiyo inamrudishia askari jeshi neno lake la pili. Kazi yake ni kulinda nchi na mipaka. Panapotokea dharura au janga anaweza kusaidia mamlaka nyingine, na Bunge lipewe taarifa. Kurejesha amani penye machafuko ndani ya nchi anaweza tu kwa idhini ya Bunge la Taifa. Ibara ya 243 ikaunda Huduma ya Taifa ya Polisi, na sheria ya 2011 ikaweka mamlaka huru ya kuchunguza mwenendo wa polisi. Yule aliyekuwa haulizwi "alikufaje" sasa ana wa kumuuliza.

Karatasi ilijaribiwa mapema. Tarehe 10 Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, walipokuwa wakifuata mifugo iliyoibwa. Wengi wao walikuwa vijana waliotoka mafunzoni karibuni, wakaingizwa kwenye korongo wasilolijua, na watu waliolijua wakiwangoja juu. Rais Mwai Kibaki akapeleka jeshi. Siku tisa baadaye wanajeshi watatu wakapigwa risasi Garissa, na wenzao wakaingia mjini, soko la Suq Mugdi likateketea. Mwanajeshi aliyeuliwa mwenzake hafundishwi kutafuta shahidi. Hafundishwi, na si kosa lake, maana hiyo si kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Februari 2023, ujambazi wa Bonde la Ufa ulipozidi, utaratibu ulifuatwa vizuri zaidi: tangazo katika gazeti rasmi tarehe 13, idhini ya Bunge tarehe 15, kaunti sita kutajwa kwa majina. Isiolo haikuwamo. Mwaka uliofuata ikaja zamu ya Nairobi. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliopinga mswada wa fedha waliingia Bungeni, na jioni hiyo jeshi likaamriwa kuwasaidia polisi. Aliyetia sahihi tangazo alikuwa Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Aden Duale, mwana wa Garissa. Chama cha Mawakili kikakimbilia Mahakama Kuu, na tarehe 27 Jaji Lawrence Mugambi akatoa uamuzi: jeshi halikuzuiwa kutoka, lakini serikali ilipewa siku mbili iandike wazi wanajeshi watafanya nini, wapi, na kwa muda gani.

Wapi, na kwa muda gani. Kwa Nairobi ilichukua saa 48 kudai majibu hayo. Isiolo ilikaa chini ya kanuni za dharura robo karne, na kati ya walioulizia wapo waliofungwa kwa kuuliza.

Lami sasa inafika Moyale. Misafara haipo, na basi la usiku linalotoka mpakani huingia Isiolo alfajiri, wakati wanawake wanapanga madumu ya maziwa ya ngamia yapelekwe Eastleigh, Nairobi. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa ule upekuzi wa ziada uliokuwa ukiwakabili watu wa kaunti za mpakani wanapoomba vitambulisho. Lakini basi likipunguza mwendo penye kizuizi, kabla taa za ndani hazijawashwa na kabla askari hajafika mlangoni, utasikia mifuko ya mashati ikifunguliwa na zipu za mikoba zikivutwa, kiti hadi kiti. Askari akipanda anakuta kila mkono umeshika kitambulisho tayari.